Visu vitatu vya tupa vilivyorudi laini: kisa kizima cha oili ya kuchovyea

Mwezi wa saba mwaka jana mwenye bucha mmoja hapa Moshi aliniagiza visu nane vya kukatia nyama na kuchuna, akasema anataka vya kufua kwa mkono, amechoka na vya dukani. Nilikuwa na majani mawili ya springi ya Land Cruiser, yakatoa visu vitano, na wiki ile hela ya kwenda kutafuta springi nyingine sikuwa nayo, basi nikachukua tupa tatu kubwa za zamani zilizoisha meno nikafua vitatu vilivyobaki. Na vile vitatu vya tupa ndo nilivipenda zaidi, maana fundi yeyote atakwambia tupa ina chuma kikali kuliko springi, nikajua hapa mangi, yule mwenye bucha, atafurahi mwenyewe.

Siku ya tisa simu ikaita.

"Fundi, hivi vitano viko safi, ila hivi vitatu umenipa bati?"

"Mangi, mbona hivyo ndo bora kuliko vyote?"

"We njoo uone kwa macho yako."

Nikaenda. Makali yalikuwa hayajameguka hata sehemu moja, yalikuwa yamelala, yaani ukipitisha ukucha upande mmoja unateleza, upande wa pili unakwama, kama karatasi iliyokunjwa ukingo. Hapo ndo pa kuanzia kwenye kisa chochote cha kisu kilichorudi, usikimbilie kunoa ukampa mtu kisu chake, angalia kwanza makali yamekufaje. Yakimeguka chuma ni kigumu mno au tempa, yaani kule kukipasha tena kidogo baada ya kukichovya ili kisivunjike kama glasi, haikutosha. Yakilala chuma ni laini. Vya kwangu vilikuwa laini, na nilivichovya, yaani nilivitumbukiza kwenye oili vikiwa vyekundu ili vikaze, asubuhi moja na vile vitano, ndoo moja, oili moja, mtu mmoja. Chuma kizuri zaidi kimetoka laini na chuma cha kawaida kimetoka kigumu. Nililala na hilo swali siku mbili.

Kwanza nikashuku tempa. Lakini visu vyote nane viliingia kwenye oveni pamoja, nyuzi 200, saa mbili, vikapoa, vikarudi tena saa mbili, na kwa kuwa oveni za nyumbani zinadanganya naweka kithamomita ndani, siku ile kilisoma 205. Vilitoka na ile rangi ya majani makavu inayotakiwa. Na hata kama joto lingezidi kidogo, chuma cha tupa ukikitempa nyuzi 200 kinatakiwa kibaki kigumu kuliko springi iliyotempwa nyuzi hizo hizo, kwa hiyo tempa nikaitoa.

Nikashuku ngozi ya juu. Chuma kikikaa sana kwenye moto wenye hewa nyingi kinapoteza kaboni juu juu, unabaki na ganda laini, ukinoa unanoa ganda. Nikasaga karibu nusu mili kila upande, polepole na maji pembeni kisipate joto, nikapitisha tupa mpya kwenye makali. Ikala. Tupa mpya kwenye chuma kilichokaa vizuri inateleza kama unasugua glasi, hii ilikuwa inatoa unga kabisa. Hata ndani palikuwa laini.

Afu nikashuku tupa zenyewe, maana zipo tupa ambazo ni chuma laini kilichotiwa kaboni kwenye ngozi tu, na ukifua kisu kwenye tupa ya hivyo umekwisha, hakuna oili itakayokusaidia. Nilikuwa nimebaki na vipande vya zile tupa, nikachukua kimoja cha mkia, nikakipasha hadi ule wekundu ambao sumaku haikishiki tena nikakitupa kwenye maji, nikakibana kwenye vaisi nikakigonga na nyundo. Kikakatika kama kigae, na ukitazama pale kilipokatika rangi ni moja kutoka nje hadi katikati, kijivu chenye chembe ndogo kama unga wa sembe. Chuma ni kizima, kaboni imo. Nikaumia moyo nikakitoa kafara na kisu kimoja kati ya vile vitatu, nacho nikakibana nikakivuta. Hicho kilipinda kwanza, kikapinda kweli kweli, ndo kikakatika. Chembe zake hazikuwa kubwa wala hazing'ai, maana yake sikukiunguza motoni. Kwa kifupi chuma kizuri, moto mzuri, tempa nzuri, kikabaki kitu kimoja hapo katikati ambacho sikuwahi kukiuliza swali tangu nianze kazi hii, ile ndoo ya oili chafu, oili ya injini iliyokwisha kutumika.

Nikamfuata babu mmoja mhunzi kule Mamba, njia ya Marangu, familia yao wamefua mikuki na sime tangu kabla ya babu yake.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Umekuja na kisu kilichovunjika, kaa."

Nikamweleza. Akakigeuza geuza kile kisu akauliza nimekichovya wapi, nikamwambia oili ya injini, akatikisa kichwa. "Springi inakungoja. Tupa haikungoji." Yeye tupa anachovya kwenye maji, anahesabu moja mbili tatu anatoa, anaacha ipoe yenyewe, na akaniambia bila kuficha kwamba katika kumi hupasuka hata mbili.

Hilo neno la kungoja ndo kisa chote, na ngoja nilifungue maana nimekuja kulielewa baadaye kwa kusoma na kwa kuharibu vyuma vingi. Ukipasha chuma hadi kama nyuzi 800 kaboni inayeyuka ndani ya chuma kama sukari kwenye chai. Ukikipoza haraka kaboni inanaswa pale pale haina pa kwenda, chuma kinakuwa kigumu kama glasi. Ukikipoza taratibu kaboni inapata muda wa kujitenga, chuma kinarudi laini. Sasa swali ni haraka kiasi gani, na jibu linategemea chuma sio mtu. Springi za gari nyingi ni jamii ya ile wanayoiita 5160 Marekani au SUP9 Japani, kaboni kama asilimia 0.6, na ndani yake kuna manganisi na kromi karibu asilimia 0.8 kila moja. Hizo manganisi na kromi kazi yake hapa ni kuchelewesha kaboni isijitenge, zinakupa sekunde kadhaa, hata oili nzito nzito inafika kwa wakati. Tupa nzuri ina kaboni asilimia 1 na zaidi, ila manganisi kidogo na kromi kidogo au hakuna, ni jamii ya 1095. Chuma cha hivyo kinataka kishuke kutoka nyuzi 800 hadi chini ya 550 hivi ndani ya sekunde moja, na pengine sekunde moja yenyewe ni nyingi. Ukichelewa hapo juu, huko chini hata ukimwaga barafu haisaidii, mchezo umeshaisha. Kwa hiyo ubora wa tupa ni wa kweli, ila ni ubora wenye masharti, na mimi sharti lake sikulijua.

Sasa oili yenyewe inafanyaje. Umeshaona tone la maji likidondoka kwenye kikaango cha moto sana, halikauki papo hapo, linacheza cheza juu ya mvuke wake. Ndo kinachotokea kisu kikiingia kwenye oili, mwanzo kinavaa blanketi ya mvuke na hiyo blanketi inazuia joto kutoka, afu blanketi inapasuka oili inaanza kugusa chuma na kuchemka juu yake, hapo ndo joto linatoka kwa nguvu, mwishoni kunapoa polepole. Oili nyepesi inavunja blanketi mapema na inazunguka upesi kuleta oili baridi. Oili nzito inazembea. Oili ya injini ya namba 40, kwenye joto la nyuzi 40, ni nzito kama mara nne ya mafuta ya alizeti, na ikipoa inazidi kuwa nzito. Watu wengi wanadhani oili ikiwa baridi ndo inapoza haraka, hata mimi niliamini hivyo, nilikuwa najivunia ndoo yangu kukaa kivulini! Ni kinyume chake, oili ukiipasha hadi nyuzi 50 au 60 inakuwa nyepesi na inapoza haraka kuliko ikiwa baridi, kwa sababu kisu ni cha nyuzi 800, tofauti ya 17 na 55 kwake si kitu, ila kwa wepesi wa oili ni kitu kikubwa.

Hapo nikakumbuka jambo. Mwezi wa pili nilishafua kisu cha tupa, cha kuchunia samaki, na kilikaa makali vizuri mpaka leo. Ndoo ile ile. Ila mwezi wa pili hapa Moshi ni joto kali, oili ilikuwa imelainika yenyewe, na mwezi wa saba asubuhi nilichovya saa moja kasoro na kibaridi cha mlimani, oili ikiwa nzito kama uji. Nikataka kufunga kesi hapo. Lakini kulikuwa na tofauti ya pili, kile kisu cha samaki kilikuwa chembamba, makali kabla ya kuchovya yalikuwa kama mili moja, na hivi vya bucha niliogopa visipasuke nikaacha makali mili mbili na nusu. Chuma kinene kinabeba joto jingi, kinashuka polepole. Na ya tatu ndoo ilikuwa hatua tatu kutoka kwenye tanuri, hatua tatu na upepo, na hiyo sekunde moja ninayoisema inaanza kuliwa chuma kinapoanza kushuka hewani. Vyote vitatu vilinipiga siku moja, na springi ikavivumilia vyote.

Nisingependa kuishia kwenye maneno, nikajaribu. Kwenye vile vipande vya tupa vilivyobaki nikapata vitano, nikavisaga vyote vikawa unene mmoja, mili nne mgongoni na mili moja na nusu makali, nikavipasha kimoja kimoja kwenye mkaa na blowa, sumaku inaning'inia kwenye waya pembeni. Sumaku ikiachia uko kwenye nyuzi 770 hivi, unaongeza kidogo. Cha kuhakikishia huko kuongeza kidogo ni chumvi ya mezani, inayeyuka nyuzi 801, ukinyunyiza chembe juu ya chuma zikaanza kuyeyuka kama jasho umefika. Ndoo nikaisogeza mkono ufike bila kunyanyua mguu.

Kipande cha kwanza oili chafu baridi, nyuzi 17. Tupa ikala makali, kama kwa mangi. Cha pili oili chafu ile ile niliyoipasha hadi 60 kwa kutumbukiza nondo ya moto, makali yakawa magumu kwenye ncha, katikati tupa inashika shika, sio kazi ya kumpa mtu. Cha tatu mafuta ya alizeti ya kawaida ya jikoni, ya Singida, bila kupasha. Tupa ikateleza karibu makali yote. Cha nne alizeti nyuzi 55, tupa ikateleza mwanzo mpaka mwisho, mgongo ukabaki laini kidogo na hilo ni zuri tu, mgongo laini ndo unaozuia kisu kuvunjika. Cha tano maji ya chumvi. Kile kilikuwa kigumu kuliko vyote, na kabla sijakitoa nikasikia "ting", nikajua. Ufa kutoka kwenye makali hadi nusu ya upana. Babu wa Mamba anaweza kuhesabu tatu, mimi bado, na visu vya mteja si vya kujifunzia kuhesabu.

Kuna watu wataniambia ninunue oili yenyewe ya kuchovyea vyuma, kama Parks 50. Hawajakosea. Hizo oili zinapimwa kabisa, wanapasha mpira wa nikeli hadi nyuzi 885 wanautumbukiza, wanahesabu sekunde mpaka usikie tena sumaku, ambayo ni kwenye nyuzi 354 hivi, na Parks 50 iko sekunde 7 hadi 9, ndo kundi la haraka ambalo tupa inalitaka. Ile Parks AAA ni sekunde 9 hadi 11, hiyo inaenda na springi. Ukiweza kuipata ipate. Mimi hapa dukani sijaikuta, na kwa visu vya mili moja na nusu kwenye makali alizeti ya moto imenitosha.

Mawese nayo yanafaa ukiyapasha yakayeyuka kabisa, ya nazi vile vile, tena ya nazi hayaharibiki upesi, shida asubuhi ya baridi yanaganda ndoo nzima unasubiri. Alizeti ubaya wake baada ya miezi inaanza kunata kama gundi na kunuka, inabidi uichuje magamba, uifunike, na ikianza kunata uibadilishe, usiionee huruma. Oili ya haidroliki nyepesi na ile ya giaboksi otomatiki ni nyepesi pia na zinapoza, ila moshi wake sio wa kuvuta, na zinashika moto mapema kuliko mafuta ya kula. Mafuta ya kula yanashika moto ukifika nyuzi 300 na zaidi, oili za injini nyingi mia mbili na kidogo. Na yule anayechanganya dizeli kwenye oili chafu ili iwe nyepesi, nimewaona, namwomba aache leo, dizeli inatoa mvuke wa kuwaka kwenye nyuzi sitini hivi na wewe unatumbukiza chuma cha mia nane.

Oili chafu ina shida nyingine ambayo kwangu inatosha kuitoa hata kwenye springi ambako inakaza vizuri. Ule weusi ni vyuma vilivyosagika kwenye injini na masizi, na ndani yake kuna vitu vinavyojulikana kusababisha kansa, ukichovya vinapanda na moshi vinaingia kifuani na vinakaa kwenye ngozi ya mikono. Nilivuta ule moshi miaka kadhaa nikidhani kikohozi ni cha mkaa. Kijana anayenisaidia ana miaka 19. Sitaki avute alichovuta bosi wake.

Chombo changu sasa ni bomba la chuma lililochomelewa chini, refu kuliko kisu kirefu ninachofua, linabeba lita 12. Plastiki hapana kabisa. Kisu kinaingia ncha kwanza, wima, unakisogeza mbele nyuma kama unakata, usikiyumbishe ubavuni kitapinda, na kizame chote na kipande cha mkia maana pale nusu ndani nusu nje ndo moto unapozuka. Mfuniko wa chuma uko pembeni, mchanga uko pembeni, maji hayasogei pale. Na hakikisha chini ya mafuta hakuna maji yaliyotuama, yakichemka yanarusha mafuta ya moto usoni kwako.

Vile viwili vilivyobaki vya mangi nilivipasha hadi sumaku kuachia nikaviacha vipoe hewani, mara tatu, ili chembe zitulie, nikasaga makali yakawa kama mili moja na nusu, nikachovya kwenye alizeti ya 55. Kimoja kilitoka kimepinda kama mili mbili. Hapo una dakika moja hivi kabla hakijakaza kabisa, nikakinyoosha na glavu juu ya gogo kikiwa bado cha moto, kikatii. Tempa ile ile, 200, saa mbili mara mbili. Cha tatu nikafua kipya, kwa springi, sikuwa na tupa nyingine niliyoipima.

Nikampelekea jumamosi asubuhi kabla ya wateja, nikamwambia ukweli kwamba kosa lilikuwa langu na wala sio la chuma, akakata mbavu za mbuzi mbele yangu akatazama makali kwenye mwanga wa mlangoni. Hakusema kitu, alivitundika kwenye ndoano pamoja na vile vingine. Mwezi wa kumi alinipigia akitaka viwili zaidi, "vya ile chuma nyeusi ya pili", yaani vya tupa. Sasa hivi kila kipande kinachoingia karakana nakipiga alama ya rangi kabla hakijafuliwa, nyekundu kwa tupa, njano kwa springi, na ambacho sikijui nakata kipande kidogo nakichovya kwenye alizeti kwanza nakigonga nione kinakatikaje.